Baridi peke yake haiui palmiye: maji ndiyo yanaimaliza

Kama uko na ndugu Ubelgiji, Uingereza ao Ufaransa, labda umekwisha kuona picha ya namna hii kwenye simu. Ni mwezi wa kumi na mbili, miti imebaki bila majani, na katikati ya kiwanja kidogo cha nyumba kunasimama kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cheupe kutoka chini mpaka juu, na kamba kiunoni. Ungesema ni mgonjwa aliyefunikwa bulangeti. Kumbe ndani iko palmiye, ndugu ya mti wetu wa ngazi unaotupatia mawese.

Wengine wanacheka: "Wazungu wanavalisha miti nguo!" Lakini ndani ya ile nguo kuna elimu inayotuhusu hata sisi wakaaji wa mashariki ya Congo. Mkulima wa Lubero ao Minembwe anayetamani kupanda mti wa ngazi, mama wa Bukavu mwenye aloe vera ndani ya bido mbele ya mlango, kijana wa Goma anayeuza maua kando ya barabara: wote wanapambana na shida moja. Wameweka mmea wa joto ao wa kiangazi mahali penye baridi na maji mengi. Tuangalie basi wale watu wa Ulaya wanafanya nini, kwa sababu gani, na sisi tuchukue nini.

Majira ya baridi ni kitu gani?

Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku vinagawana saa sawa kutoka Januari mpaka Desemba. Tunahesabu majira kwa mvua na kiangazi. Ulaya wanahesabu kwa joto na baridi. Mwezi wa Desemba, kule London ao Brussels, mwangaza wa mchana unadumu kama saa 8 tu, tena jua liko chini, halina nguvu. Kipimo cha joto mara nyingi kinacheza kati ya digri sifuri na 8, na usiku fulani kinashuka chini ya sifuri. Hapo maji yaliyo inje yanageuka barafu.

Tena Uingereza, Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa ziko karibu na bahari, na upepo wa bahari unaleta mawingu na mvua ndogondogo siku nyingi. Jua halina nguvu ya kukausha, basi udongo unaweza kubaki umelowa kwa miezi. Mtu wa Lubero anaelewa hiyo bila kufundishwa: baridi kavu unaivumilia, lakini baridi na nguo zilizolowa ndiyo inakupeleka kitandani. Mimea iko vilevile.

Palmiye iko na moyo mmoja tu

Ukikata tawi la mwembe, mwembe unatoa tawi lingine. Ukikata mgomba, mtoto wake anamea pembeni. Palmiye nyingi haziko hivyo. Ziko na sehemu moja tu inayotoa majani mapya: ule moyo mweupe, laini, uliofichwa juu kabisa, katikati ya majani. Wazee wa Fizi, Mwenga na Beni wanajua vizuri: ukitoa moyo wa mti wa ngazi, mti umekufa siku ile ile, hata kama shina litasimama mwaka mzima.

Sasa angalia umbo lake. Majani yote yanatoka katikati na kufunguka kama mdomo wa fonele. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na kukusanyika pale pale kwenye moyo. Katika inchi ya joto si kitu: jua linakausha, upepo unapita. Lakini Ulaya maji yale yanakaa, kisha usiku yanaganda. Na maji yakiganda yanaongezeka ukubwa, karibu sehemu 9 kwa mia. Ni sawa na chupa iliyojaa maji unayoisahau kwenye sehemu ya barafu ya friji: asubuhi unaikuta imepasuka. Ndani ya moyo wa palmiye barafu inaharibu nyama laini ya mmea, na ikiyeyuka inaacha vidonda. Kuvu na vijidudu vinaingia humo na kuozesha.

Ubaya ni kwamba mwenye mti haoni kitu mapema. Majani ya zamani yanabaki ya kijani. Baada ya wiki kadhaa, wakati joto linarudi, anashika jani jipya la katikati, analivuta kidogo, na linatoka mkononi mwake, limeoza chini, linanuka. Mara moja moja mti unaokolewa: mtu anasafisha uozo, anakausha moyo, anatia dawa ya kuvu na kungoja. Lakini mara nyingi mambo yamekwisha. Miaka kumi na tano ya kulea mti imekwenda na usiku tatu ao ine za barafu.

Mmea wa jangwa unaogopa nini?

Watu wengi wanafikiri kaktusi inataka joto siku zote. Si kweli. Jangwani mchana ni moto, lakini usiku mbingu haina mawingu na joto linatoroka. Katika majangwa ya juu ya Mexico na Marekani, usiku unaweza kufikia barafu. Kuna hata aina moja ndogo ya kaktusi, *Opuntia fragilis*, inayomea yenyewe mpaka Canada, kwenye baridi kali kuliko ya London.

Inawezaje? Inajikausha. Kabla ya majira ya baridi inapunguza maji mwilini, inakunjamana, inalala chini kama kitu kilichokufa. Maji kidogo yanayobaki ndani yanakuwa mazito, yenye sukari na chumvi nyingi, na maji ya namna hiyo hayagandi haraka. Joto likirudi, inakunywa na kusimama tena.

Sasa chukua ile kaktusi, uiweke kwenye udongo unaoshika maji, chini ya mvua ya miezi mine. Haiwezi kujikausha. Inaingia katika usiku wa barafu ikiwa imejaa maji kama tikiti. Na hata barafu isipokuja, mizizi iko hatarini, kwa sababu mizizi inahitaji hewa. Maji yakijaza matundu yote ya udongo, hewa inafukuzwa. Mizizi iliyolala kwa baridi hainywi, inakaa tu ndani ya matope, inakosa pumzi na kuoza. Ndiyo maana watunza bustani wa Ulaya wanasema aloe, agave (familia ya mkonge) na kaktusi nyingi zinauawa na maji zaidi kuliko baridi.

Namna wanavyofanya

Kazi yenyewe haianzi Desemba. Inaanza siku ya kupanda.

Kwanza, wanachagua mti. Mnazi hauwezi barafu hata kidogo. Mti wa ngazi vilevile. Mtende wa Uarabuni unavumilia zaidi kidogo, ikiwa pamekauka. Palmiye inayopendwa sana Uingereza inatoka milima ya China, inaitwa *Trachycarpus fortunei*. Jina lake la pili linakumbusha Robert Fortune, mtafuta mimea wa Scotland aliyeiona China miaka ya 1840 na kutuma miche Uingereza. Shina lake limevaa nyuzi za kahawia kama koti, na mti mkubwa wenye afya unaweza kuvumilia baridi ya karibu digri 15 chini ya sifuri.

Pili, wanachagua mahali. Kule kaskazini ya dunia, wakati wa baridi jua linapita upande wa kusini. Kwa hiyo wanapanda karibu na ukuta unaotazama kusini. Matofali yanakunywa joto mchana na kulirudisha polepole usiku. Ukuta unazuia pia upepo.

Tatu, udongo. Hawapandi kaktusi ao agave ndani ya shimo lenye udongo mzito. Wanainua kituta, wanachanganya udongo na changarawe na mchanga mnene, wakati mwingine nusu kwa nusu, ili maji yapite na kwenda zake. Shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi, inazungushiwa mawe madogo peke yake ili pasibaki unyevu.

Ine, kabla ya barafu wanafunga palmiye. Majani yanainuliwa na kufungwa pamoja kwa kamba laini, yanakuwa kama mwavuli uliofungwa, moyo ukiwa katikati. Wengine wanaingiza nyasi kavu kuzunguka moyo. Kisha wanazungusha kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Juu wanaweka kifuniko cha kuzuia mvua. Chini, kwenye mizizi, wanarundika majani makavu ao nyasi.

Wengine wanazungusha taa ndogondogo za Noeli ndani ya kitambaa. Lakini hapo ni taa za zamani, zile zinazopata moto. Taa za LED zinapendeza macho, joto hazitoi.

Kosa linalorudiwa kila mwaka

Mtu akisikia "funika mti," wazo la kwanza ni kuchukua bashi ao sashe kubwa ya plastiki, kuzungusha na kufunga sana. Hilo ndilo kosa. Plastiki inazuia mvua kuingia, lakini inazuia pia pumzi ya mmea kutoka. Mchana jua kidogo linapasha joto ndani, mmea unatoa jasho, usiku lile jasho linageuka matone na kuteremka kwenye moyo. Umefukuza mvua ya inje, umetengeneza mvua ya ndani.

Plastiki ni nzuri ikiwa paa tu: inasimama juu ya mmea kwenye miti mine, pembeni wazi, upepo unapita. Kwa kaktusi na aloe zilizo ardhini, paa la namna hiyo linasaidia kuliko bulangeti lolote. Zile za kwenye vyungu zinaingizwa ndani ya chumba chenye mwangaza, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu zinapewa maji kidogo sana ao hazipewi kabisa.

Na kuna kosa lingine: kuchelewa kufungua. Siku joto linarudi, nguo inapaswa kutoka. Mti ukiachwa umefungwa unakosa mwangaza na hewa, kuvu inashangilia.

Nyumba za vioo za mfalme, na kisiwa kilichoshindwa

Wenye mali walikuwa na njia nyingine: kujenga nyumba ya vioo na kuipasha moto. Pale Laeken, Brussels, mfalme Leopold II, yule yule aliyeifanya Congo mali yake, alijengewa na mchora majengo Alphonse Balat mji mzima wa vioo na chuma kuanzia miaka ya 1870. Bustani yake ya baridi iko na paa la juu sana, palmiye kubwa zinasimama ndani yake. Moja ya nyumba zile inaitwa mpaka leo Nyumba ya Vioo ya Congo. Watu wanaruhusiwa kuitembelea kwa muda mfupi kila mwaka, majira ya maua. Mkongomani anayeishi Brussels anaweza kuingia mle na kukuta majani yanayomkumbusha nyumbani, yanalindwa na moto na vioo, huku inje watu wamevaa makoti.

Lakini asiye na mfalme anafanya nini? Anategemea mahali. Kusini-magharibi ya Uingereza, baharini, kiko kisiwa cha Tresco. Bahari inakipa joto kidogo, na barafu ni adimu. Tangu 1834 mtu mmoja anayeitwa Augustus Smith alianza kupanda bustani pale, akazungushia miti mirefu ya kuzuia upepo. Palmiye, aloe, mimea ya Afrika Kusini na Mexico ilistawi inje, bila vioo. Kisha Januari 1987 theluji na baridi kali vilikuja na kuua sehemu kubwa ya mimea ile. Walianza kupanda upya, na Januari 1990 dhoruba ikaangusha ile miti ya kuzuia upepo. Walipanda tena. Bustani ingali pale leo. Inatufundisha kwamba ulinzi wote uko na mpaka wake, na mwenye hekima anaweka akiba ya mbegu na miche mahali pengine.

Milima yetu ilijua zamani

Usifikiri ile akili ya kufunga majani ilizaliwa Ulaya. Panda Rwenzori, upande wa Mutwanga, ao panda Karisimbi na Mikeno ndani ya mbuga ya Virunga. Ukifika juu ya mita 3.500 hivi, misitu inakwisha na unakuta mimea ya ajabu, mirefu kuliko mtu. Rwenzori ni mlima wa mvua na ukungu, na kule juu usiku barafu inaanguka. Kwa hiyo mimea ile inaishi ndani ya baridi na maji kila siku ya Mungu.

Mmoja ni senesio kubwa. Shina lake ni nene na juu liko na kichwa cha majani kama kabichi. Majani yake ya zamani yakikauka hayaanguki. Yanabaki yamelala kwenye shina, moja juu ya lingine, yanafanya koti nene, na koti lile linazuia maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Usiku majani ya kichwa yanasogea juu na kufunika moyo. Asubuhi jua likitoka yanafunguka. Ni kazi ile ile mtu wa Ulaya anafanya kwa kamba na kitambaa, isipokuwa mmea unajifunga wenyewe.

Mwingine ni lobelia kubwa. Aina fulani zinafanya jambo linaloonekana kuwa kinyume: zinahifadhi maji katikati ya majani. Usiku maji yale yanaganda juu tu, yanakuwa kama mfuniko, na chini yanabaki maji, yakilinda moyo usifike baridi kali zaidi. Mbona maji yanaokoa lobelia na kuua palmiye? Kwa sababu huku kwetu usiku wa barafu unakwisha asubuhi, jua la ikweta linayeyusha kila kitu. Ulaya barafu inaweza kukaa mchana na usiku, siku nyingi mfululizo, na mfuniko unaendelea kushuka mpaka kufikia moyo. Lobelia ilizaliwa kwa ajili ya mlima wake. Palmiye ya kigeni haikuzaliwa hivyo.

Na sisi tuchukue nini?

Mijini kwetu, Goma, Bukavu ao Butembo, hatuna majira ya barafu. Lakini mvua tunayo, na usiku wa milimani ni baridi. Sheria ni ile ile: linda moyo, kausha mizizi.

Kama aloe vera yako iko ndani ya bido ao chungu, geuza uangalie chini. Kama hakuna matundu, toboa manne ao matano leo. Weka mawe chini ya chungu kisikae ndani ya maji. Changanya udongo na changarawe. Wakaaji wa Goma wako na bahati, changarawe ya volkano imejaa na inapitisha maji vizuri. Wakati wa mvua usimwagilie kabisa. Sogeza chungu chini ya paa, mahali penye mwangaza.

Kama majani ya aloe yamekuwa laini na ya kahawia chini, maji yamezidi. Ing'oe, kata mizizi myeusi yote, uiache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha uipande kwenye udongo mkavu. Usiipe maji wiki ya kwanza. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaona mmea umelegea, wanadhani iko na kiu, wanaongeza maji. Hapo wanaumaliza.

Kama uko na palmiye kwenye kiwanja, usipunguze majani ya kijani kwa kutafuta urembo, na mafundi wa rangi na saruji wasiache uchafu kuanguka katikati yake. Ukipanda mche, usizike moyo ndani ya udongo. Uache juu, na kituta kiinuke kidogo ili maji ya mvua yakimbie.

Tubaki na neno kwa yule anayetaka kupanda miti ya ngazi juu milimani. Mawese yanatoka mabonde ya joto, kama kando ya ziwa Tanganyika huko Fizi ao mashamba ya Beni, na kuna sababu. Mti wa ngazi unaweza kuota kwenye baridi ya nyanda za juu, ukapendeza hata, lakini unakua polepole na matunda yanakuwa machache. Mtu akikuuzia miche akiahidi mawese mahali ambapo usiku unalala na bulangeti mbili, muulize kwanza akuonyeshe mti mmoja unaozaa katika kijiji chako ao kijiji jirani. Kama haupo, linda franka zako, ungojee, ao panda kile ambacho mlima wako unakubali.

Wale wa Ulaya wanavalisha mti mmoja nguo kwa kuupenda, na hasara yao ni mti mmoja. Mkulima wa kwetu akikosea, hasara yake ni shamba zima na ada ya watoto.